Tunaoisubiri "Horizon" tupewe majina ya waigizaji wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo linalotugusa sisi wapenzi wa filamu za kauboi tulioko hapa Mwanza, nalo ni namna tunavyotangaziwa na kuonyeshwa filamu ambayo wengi wetu tunaingoja kwa hamu kubwa, yaani sehemu ya pili ya "Horizon: An American Saga" ya mwongozaji na mwigizaji Kevin Costner. Kurasa za burudani za magazeti yetu, la kwako likiwamo, huitaja filamu hiyo kwa nadra, na kila zinapoitaja hutaja jina moja tu. Mabango ya vibanda umiza kuanzia Kirumba hadi Igoma nayo hubeba uso mmoja na jina lile lile. Ninaamini kwa dhati kwamba filamu hii haiwezi kusubiriwa vizuri, wala haitaeleweka itakapofika, na mtu anayemjua mwigizaji mmoja peke yake, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwa msomaji ambaye hajaifuatilia habari hii, Costner alikuwa na wazo la hadithi hiyo tangu mwaka 1988, na kwa miaka mingi hakupata kampuni kubwa iliyokubali kuigharamia kama alivyotaka. Hadithi nayo, badala ya kufupishwa, ikaendelea kukua mpaka ikawa mpango wa filamu nne. Hatimaye aliamua kuitengeneza nje ya kampuni kubwa za Hollywood, kwa fedha za wawekezaji waliomwamini na kwa fedha zake mwenyewe, ambazo amewahi kuzitaja kuwa dola milioni 38, na ili azipate aliweka rehani ardhi yake iliyoko pwani ya California. Kazi ya kupiga picha ilianza katika jimbo la Utah mwaka 2022. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2024, kisha ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 28 Juni mwaka huo huo. Kampuni ya Warner Bros. ilikuja kuisambaza huko, lakini mzigo wa kuitengeneza ulikuwa wa Costner na wenzake.

Mapato ya sehemu hiyo hayakuridhisha. Filamu ambayo gharama yake imetajwa kuwa takriban dola milioni 50 haikufikisha hata dola milioni 40 kwa dunia nzima. Sehemu ya pili ilikuwa imepangiwa kutoka tarehe 16 Agosti 2024, wiki chache tu baada ya ya kwanza, lakini ikaondolewa katika ratiba. Ikaonyeshwa katika tamasha la Venice, Italia, tarehe 7 Septemba mwaka huo, wakaitazama wageni wa tamasha, na sisi watazamaji wa kawaida mpaka ninapoandika barua hii tungali tunangoja. Costner alikwisha kuanza kupiga picha za sehemu ya tatu. Kwa hiyo tunaingoja kazi ambayo ipo, imekamilika, ina waigizaji wake na sauti zao, ila haijatufikia. Kungoja kwa namna hiyo kunachosha kuliko kungoja kitu ambacho bado hakijatengenezwa, na ndiyo maana maneno ya uongo huenea upesi katikati yake, jambo ambalo nitalirudia.

Watu wa Kanda ya Ziwa hatukuzipenda filamu za kauboi kwa bahati tu. Msukuma aliyekulia Magu, Kwimba au Misungwi hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanafukuzana usiku kucha kwa ajili ya mifugo, na kizazi kilichowashuhudia Sungusungu wakianza kulinda vijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980 kinaelewa jinsi watu walio mbali na serikali wanavyojitafutia ulinzi wao wenyewe, na jinsi ulinzi huo unavyoweza kugeuka kuwa kisasi. Wazee wetu waliingia sinema mjini kuwatazama Terence Hill na Bud Spencer, na wengine hadi leo wanaweza kukusimulia mapigano yao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wachache miongoni mwao wanajua kwamba picha hizo za kauboi zilitengenezwa na Waitaliano, na kwamba nyingi za aina yake zilipigwa kwa fedha kidogo katika nyika kavu za Almería, nchini Hispania. Sergio Leone alipotafuta mwigizaji mkuu wa filamu yake ya kwanza ya kauboi, iliyotoka mwaka 1964, wenye majina makubwa ama walikuwa ghali mno ama walikataa, akamchukua kijana aliyekuwa akiigiza katika tamthilia ya televisheni, naye alikuwa Clint Eastwood. Lau bango la filamu ile lingebandikwa kwa desturi ya vibanda vyetu vya leo, ambavyo huweka jina moja lililokwisha kuvuma, uso wa Eastwood usingekuwapo.

Sasa nije kwenye "Horizon" yenyewe. Sehemu ya kwanza ina dakika 181, yaani saa tatu na dakika moja, na Costner haonekani ndani yake mpaka karibu saa nzima ipite. Hilo amelifanya kwa makusudi. Yeye ndiye mwongozaji, ndiye mmoja wa waandishi, ndiye aliyetoa fedha, na angetaka angejiweka katika picha ya kwanza kabisa. Amechagua kwanza tuwajue watu wengine. Lakini kibanda umiza kina ratiba yake: filamu mchana, mechi ya Ulaya jioni, na watazamaji wanaotaka kujua mapema steringi ni nani. Nimeshuhudia katika vibanda zaidi ya kimoja, ambavyo sitavitaja kwa kuwa tabia hii si ya mtu mmoja, mwenye mitambo akisogeza filamu mbele kwa sababu watu wameanza kuuliza steringi yuko wapi, mpaka Costner atokee na farasi wake, na watu wapige makofi wakidhani ndipo hadithi inapoanzia. Kisha mechi inapokaribia, filamu inakatwa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio chake halali anatoka akiwa ameona kipande cha katikati, na mtu huyo huyo ndiye anayeambiwa aisubiri sehemu ya pili.

Anachokosa katika saa hiyo iliyorukwa ni uti wa mgongo wa filamu yote. Hadithi inaanza mwaka 1859 katika bonde la mto San Pedro, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Arizona, ambako wapimaji wa ardhi wanapigilia vigingi vyao mahali ambapo Waapache, wenyeji asilia wa nchi hiyo, wamekuwa wakipita na kuwinda kabla yao. Wapimaji hao wanauawa. Wengine wanakuja baada yao, wanajenga mji mdogo unaoitwa Horizon, na usiku mmoja mji huo unashambuliwa. Humo ndimo alimo Sienna Miller, anayeigiza Frances Kittredge, mke na mama, ambaye anajificha pamoja na binti yake katika shimo chini ya nyumba inayoteketea, wakivuta pumzi kwa kupokezana mtutu wa bunduki uliotokezwa juu ya udongo. Binti huyo anaigizwa na Georgia MacPhail. Mtoto wa kiume anaambiwa aingie shimoni na mama yake, naye anachagua kubaki juu na baba yake. Kijana anayeigiza nafasi hiyo ni Hayes Costner, mwana wa mwongozaji mwenyewe. Mtu aliyeyaona hayo hataisubiri sehemu ya pili kwa ajili ya bastola za Kevin Costner peke yake. Ataisubiri kwa ajili ya Frances, ili ajue mwanamke aliyezika mume na mwana katika ardhi ile ataishi nayo vipi. Mimi binafsi, nikiulizwa ni nani ninayemngoja kwanza, jibu langu ni Sienna Miller, na ninasikitika kwamba katika kijiwe chetu ni wachache wanaojua kwamba yumo.

Wapo wengine wengi. Sam Worthington, ambaye vijana wanamfahamu kutokana na "Avatar", ni ofisa kijana wa jeshi, Trent Gephardt, anayeletwa na kazi hadi kwenye maisha ya Frances na binti yake. Michael Rooker ni askari mzee mwenye cheo cha sajini, na nafasi yake ni ndogo, lakini ameiigiza kwa upole ambao sikuutegemea kutoka kwa mtu tuliyezoea kumwona katika nafasi za wakorofi. Danny Huston ni kanali anayeona mbele kuliko wote, anayejua kwamba walowezi hawatakoma kuja hata wakionyeshwa makaburi ya waliowatangulia. Abbey Lee ni Marigold, mwanamke anayejitafutia riziki katika kambi ya wachimbaji, na Jena Malone ni mama aliyekimbia na mtoto wake kutoka katika familia ya watu hatari. Luke Wilson anaongoza msafara wa magari ya kukokotwa na wanyama kuelekea magharibi, na humo yumo Ella Hunt, akiwa mwanamke wa Kiingereza asiyeelewa kwamba katika safari ile maji ya kunywa si ya kuogea. Wenzake wanamtazama kwa hasira, na Wilson analazimika kumkanya bila kumdhalilisha. Nimeipenda sana sehemu hiyo fupi, kwani haina risasi hata moja na bado mtu anabaki na wasiwasi.

Hata adui wa filamu hii anastahili kutajwa kwa jina. Jamie Campbell Bower anaigiza Caleb Sykes, kijana mchokozi anayefuatana na Costner kupanda kilima, hatua kwa hatua, akimchokoza kwa maneno, huku mtazamaji akijua kwamba mmoja wao hatashuka akiwa hai. Vibanda vyetu huifikia sehemu hiyo, kwa kuwa Costner yumo, na watazamaji huishangilia. Lakini nimewahi kuwauliza waliokaa kando yangu ni nani aliyeigiza adui yule, na hakuna aliyejua, ingawa robo tatu ya uzito wa mazungumzo yale umebebwa na yeye.

Kisha kuna Giovanni Ribisi, ambaye anaonekana kwa muda mfupi mno mwishoni, akiwa mtu aliye nyuma ya vipeperushi vinavyowavuta watu waende kununua ardhi Horizon. Vipeperushi hivyo vinapita mkono hadi mkono katika filamu nzima, na watu wanaacha makwao kwa kuviamini, mithili ya mtu anayelipia kiwanja kwa kuonyeshwa mchoro tu, asijue kama kiwanja chenyewe kina mwenyewe. Sehemu ya kwanza haimalizikii pale filamu nyingi zinapomalizikia. Inafunga kwa picha nyingi za sehemu inayofuata, zikipita upesi huku muziki ukipigwa, na mtazamaji makini anawaona humo wengi wa watu niliowataja wakiwa katika mambo mapya ambayo bado hayajaelezwa. Ni zawadi kwa anayesubiri. Ninapolalamika kwamba filamu hukatwa mwishoni kwa sababu ya mechi, ninalalamikia hasa kukatwa kwa picha hizo, maana ndani yake ndimo mlimo hamu yote ya kuingoja sehemu ya pili.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi kuliko yote ni la waigizaji wa upande wa Waapache. Tatanka Means anaigiza Taklishim. Owen Crow Shoe anaigiza Pionsenay, anayeongoza shambulio dhidi ya mji. Gregory Cruz anaigiza mzee Tuayeseh. Na Wasé Chief anaigiza Liluye. Hawa si watu wa kupita nyuma ya picha wakipiga mayowe. Baada ya shambulio kuna mvutano mkubwa kati yao wenyewe: mzee anaona kwamba damu iliyomwagika italeta wazungu wengi zaidi, kijana anaona kwamba kunyamaza ndiko kutakakowaleta, na jamii inagawanyika mbele ya macho yetu. Mazungumzo hayo yanafanyika kwa lugha ya Kiapache, na tafsiri yake ya Kiingereza inapita kwa maandishi chini ya picha. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha filamu, kwa sababu pande zote mbili za hoja zina ukweli ndani yake na hakuna hata moja itakayowaokoa.

Je, mtazamaji wa Igogo au Mabatini anayapata wapi mazungumzo hayo? Hayapati. Tunao watafsiri hodari nchini, na ninaiheshimu kazi yao kwa moyo wote. Wakongwe kama Lufufu walijijengea jina kubwa kwa kuwafanya watu wasiojua neno la Kiingereza wafuatilie filamu ndefu bila kupotea, na mtafsiri mzuri anaweza kumfanya bibi wa Nansio amlilie mtu wa Arizona. Lakini katika nakala za filamu hii nilizokutana nazo, mtafsiri anapofika kwa Waapache ama hunyamaza ama hujitungia maneno ya vitisho, na hapo hapo watu wenye hoja wanageuka kuwa watu wanaotokea tu ili waue na wauawe. Watazamaji hushangilia vifo vyao. Sisi, ambao babu zetu walipimiwa ardhi na wageni na kuwekewa vigingi katika mashamba yao bila kuulizwa, tunashangilia, na hatuna kosa, kwa kuwa hakuna aliyetueleza wale watu walikuwa wanasema nini.

Tatanka Means ni mwana wa Russell Means, Mlakota aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za wenyeji asilia wa Marekani waliokikalia kijiji cha Wounded Knee mwaka 1973 kuipinga serikali, na ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji. Kwa hiyo kijana huyo anaposimama mbele ya kamera akiwa amevaa mavazi ya watu waliopokonywa nchi yao, historia ya nyumbani kwao imesimama naye. Habari ya namna hiyo ingependeza katika ukurasa wa burudani, na ingemfanya msomaji wa Kirumba amtafute kwa macho atakapoiona filamu. Naiona ina uzito zaidi kuliko habari za talaka ya Costner, ambazo tulizisoma kwa urefu.

Na wasomaji wako wasidhani kwamba ninawapigia debe watu wasio na mustakabali. Costner huyu huyu alipoongoza "Dances with Wolves" mwaka 1990, filamu iliyopata tuzo saba za Oscar, sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa ya Kilakota. Aliyewafundisha waigizaji lugha hiyo alikuwa Doris Leader Charge, mwalimu wa Chuo cha Sinte Gleska, ambaye aliishia kupewa nafasi ya kuigiza humo. Graham Greene, aliyefariki dunia Septemba 2025, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi yake katika filamu ile. Kulikuwa pia na mwigizaji wa Kicherokee aliyemwigiza mpiganaji wa Kipawnee ambaye katika orodha ya wahusika hakupewa hata jina. Mwigizaji huyo ni Wes Studi. Mwaka 2019 alitunukiwa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote. Aliyeitazama filamu ile mwaka 1990 akimtafuta steringi peke yake alimkosa Studi, na huenda hata sasa tunamkosa mtu wa namna hiyo katika "Horizon", kwa sababu tumekwisha kuamua mapema ni nani wa kumtazama.

Sisemi kwamba Costner amewatendea Waapache haki yote. Kwa maoni yangu sehemu ya kwanza imewapa muda mdogo mno ukilinganisha na walowezi, na Liluye, ambaye uso wake una maneno mengi, amesema machache. Hilo ni deni, na ni sababu mojawapo inayonifanya niisubiri sehemu ya pili na zitakazoifuata, nione kama litalipwa. Mtu anayedai deni lazima kwanza ajue kwamba lipo, na hawezi kulijua akitazama nakala iliyowanyamazisha wahusika.

Nilisema nitarudi kwenye uongo. Tangu tarehe ya Agosti 2024 ipite bila filamu, mabango yanayotangaza "Horizon" ya pili yamekuwa yakibandikwa katika mitaa yetu, na nakala zenye jina hilo huuzwa kwa kuwekwa kwenye flashi. Mimi na wenzangu, baadhi yao wakiwa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni waliofunga kazi mapema kwa ajili hiyo, tuliwahi kulipa kiingilio katika kibanda kimoja tukaonyeshwa filamu ya Costner ya mwaka 2003, "Open Range". Hiyo ni filamu nzuri kabisa, ambayo yumo Robert Duvall, na ingetangazwa kwa jina lake tungeingia kwa furaha. Ilipotangazwa kwa jina lisilo lake tuliitazama kwa hasira, tukamkosea Duvall adabu bila yeye kutukosea. Wako watu ambao hadi leo wanaamini wameiona sehemu ya pili, wanabishana nasi kijiweni kwamba Sienna Miller hayumo na kwamba hakuna Mwapache hata mmoja. Wenye vibanda wengi ni watu waungwana wanaotafuta riziki, na wanajua kwamba mteja aliyedanganywa mara moja husita kurudi. Ninawaomba wasubiri pamoja nasi.

Kwa filamu huru jambo hili lina uzito wa pekee. Kampuni kubwa ikipata hasara katika filamu moja hujifidia kwa nyingine kumi. Costner hana hizo kumi. Sehemu ya tatu na ya nne zinategemea kama watu watalipia hizi mbili za mwanzo kwa njia halali. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtengenezaji wa filamu, na watengenezaji wetu wa hapa hapa Mwanza wanaouza kazi zao kwa shida wanajua maana ya kunakiliwa. Mwenye uwezo wa kulipia mtandaoni na alipie, aitazame nyumbani na familia yake, tena aitazame yote. Ninafahamu kwamba kwa wengi wetu gharama ya bando kwa filamu ya saa tatu si ndogo, na sitamlaumu mtu kwa umaskini wake. Lakini wapo miongoni mwetu wenye uwezo ambao hununua nakala ya wizi kwa mazoea tu, na hao ninawaomba kwa heshima wabadilike.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, ombi langu ni hili. Siku tarehe halisi ya kutoka kwa sehemu ya pili itakapotangazwa, au hata kabla ya hapo kama nafasi ipo katika toleo la Jumapili, ukurasa wako wa burudani uchapishe orodha ya waigizaji: Sienna Miller, Sam Worthington, Isabelle Fuhrman, Ella Hunt, Luke Wilson, Giovanni Ribisi, Tatanka Means, Owen Crow Shoe, Wasé Chief na wenzao, kila mmoja na mhusika wake na mstari mmoja wa kumweleza. Nafasi itakayotumika haizidi ile inayopewa ratiba ya mechi za wiki. Mwandishi wako akiweza, awatafute pia watafsiri wa filamu, awaulize wanajiandaaje kwa lugha ambayo si Kiingereza, na kama wangekuwa tayari kuyasoma yale maandishi ya chini mpaka mwisho kabla ya kuanza kurekodi sauti zao. Wenye vibanda nao wafikirie kuipangia filamu hii siku isiyo na mechi, waanze saa nane mchana, wasiruke kitu. Katika kijiwe chetu tumekwisha kukubaliana kwamba kibanda kitakachotangaza kuionyesha sehemu ya kwanza nzima, kwa ruhusa na kwa utaratibu halali, tutakijaza, na tutakuja na wake zetu na watoto wetu wakubwa, kwa kuwa filamu inayoanza na mama aliye chini ya ardhi na binti yake inawahusu na wao.

Ni mimi msomaji wako,
Mpenzi wa filamu, Kirumba, Mwanza